Mabaharia wa Mnarani na Karne ya Mbio za Matanga

Mbio za mashua za klabu katika pwani ya Kenya zina mwaka wao wa kuzaliwa, nao ni 1910, ilipoanzishwa Mombasa Yacht Club kwenye maji ya Kilindini. Reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa imefika Kisumu miaka tisa tu kabla ya hapo. Nchi haikuwa imeitwa Kenya bado. Iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa ungali, kwa jina, milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliofuata reli na bandari walikuja na desturi ya kwao: kutweka tanga siku ya mapumziko, kupiga mzinga wa kuanzia, na kushindana kuzunguka maboya mpaka jua lishuke.

Klabu hiyo ipo hadi leo, upande wa Liwatoni, na imepita vita viwili vya dunia, uhuru wa nchi, na kizazi baada ya kizazi cha wanachama. Lakini anayesoma historia ya mbio hizi akiwa Mombasa peke yake huisoma nusu. Nusu ya pili iko kaskazini, mwendo wa takriban maili 30 za baharini, kwenye hori ya Kilifi, chini ya majabali ya Mnarani. Maji ya pale hayamsamehe asiyeyajua, na ndiyo maana pale ndipo panapoonekana waziwazi swali ambalo taasisi hii imeishi nalo tangu mwanzo: mbio ni za mwenye mashua, au ni za mabaharia wake?

Mimi jibu langu ninalo, na nitalisema bila kulizungusha. Lakini kwanza mahali penyewe.

Ukitoka Kilindini kwenda kaskazini, pwani ni mwamba na povu, na malango ya kuingilia ni machache. Kuna Tudor, nyuma ya kisiwa cha Mombasa. Kuna Mtwapa. Kuna Takaungu, hori nyembamba isiyopokea chombo kikubwa. Halafu ndiyo Kilifi. Malindi, pamoja na sifa zake zote tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, haina hori. Ghuba yake iko wazi kwa upepo, na mto Sabaki huijaza matope ya bara kila mvua zinaponyesha. Kilifi ina kina na ina kinga. Mlango wake umekatwa kati ya majabali ya matumbawe, hori inajikunja ikaingia bara, na huko ndani inafunguka pana kama ziwa, mahali ambapo ramani huandika Bahari ya Wali.

Mnarani iko upande wa kusini wa hori, juu. Wanaopanda ngazi kwenda kwenye magofu hukuta msikiti wa Ijumaa wa karne ya 15 wenye maandishi ya kuchongwa kwenye mihrabu, kaburi lenye mnara, kisima kirefu, na mibuyu ambayo huenda iliwahi kuona mji ukiwa na watu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipachimbua mwaka 1954. Kilifi ya kale ilikuwa ni miji mitatu, Mnarani, Kitoka na Kioni, na Mnarani iliachwa mwanzoni mwa karne ya 17 baada ya mashambulizi ya Waoromo. Watu wa Mnarani walikuwa watu wa bahari. Walijenga pale kwa sababu ya hori, na kutoka pale waliweza kuona chombo kabla hakijaingia mlangoni. Huko Gedi, mji mwenzao wa kaskazini, mtu alikwaruza picha za vyombo vya matanga kwenye lipu ya kuta, na zipo mpaka sasa. Kwa hiyo mashua ya klabu iliyoingia Kilifi mara ya kwanza, ikiwa na tanga jeupe na bendera nyuma, iliingia kwenye maji yaliyokwisha kuwa na wenyewe, wenye elimu ya matanga ya miaka mia kadhaa.

Elimu hiyo ni ya namna gani? Nitaieleza kwa siku moja ya kawaida ya kusi.

Alfajiri hori imelala. Umande, ule upepo mwembamba wa kutoka bara, hupita juu ya maji bila nguvu ya kujaza tanga. Kufikia saa nne au saa tano asubuhi nchi kavu imepata joto, na upepo wa bahari unaanza kuingia mlangoni, ukiungana na kusi yenyewe. Saa nane mchana ndipo unapokuwa umekomaa, na hiyo ndiyo saa ya mbio. Sasa ongeza maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo katika pwani hii hufika karibu mita nne. Maji yote ya Bahari ya Wali hupita kwenye mlango ule mwembamba, yakiingia mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Yakitoka huku kusi ikiingia, maji na upepo vinagongana, na mlangoni hupanda mawimbi mafupi ya kusimama, ya kuinamisha omo la mashua mpaka maji yamwagike ndani.

Nahodha mgeni hutazama upepo. Baharia wa Mnarani hutazama maji kwanza. Anajua kwamba maji yakianza kupwa, katikati ya hori mkondo hukimbia, lakini kandokando, karibu na mikoko na chini ya jabali, huwa pole, na pengine hurudi nyuma kinyume na mkondo mkuu. Mashua inayobisha kwenda mlangoni wakati maji yanajaa inaweza kukaa nusu saa mahali pamoja, tanga limejaa, povu omoni, na jabali la pembeni halisogei. Aliyeng'ang'ania pembeni, akabisha kwa hatua fupi fupi karibu na mwamba mpaka mwenye mashua akaanza kuogopa, ndiye anayetokea mbele. Tena kuna upepo wa majabali. Kusi ikigonga jabali hugawanyika, ikaacha kipande cha maji kisicho na upepo kabisa, na hatua chache kutoka hapo hushuka dharuba ya kutoka juu inayoweza kulaza mashua ndogo ubavu. Rangi ya maji huonyesha. Maji yakikunjamana na kuwa meusi, dharuba inakuja; mtu wa kamba ya demani aiachie kidogo kabla haijafika. Akingoja mpaka aisikie mwilini, amechelewa.

Haya hayaandikwi kwenye kitabu chochote cha sheria za mbio. Yalisemwa kwa Kiswahili na Kigiriama, ndani ya chombo, na watu ambao majina yao hayako kwenye ubao wowote wa washindi.

Hapa nataka kutoka nje ya pwani yetu kidogo, kwa sababu jambo hili si letu peke yetu. Uingereza yenyewe, katika enzi ya Malkia Victoria, mashua kubwa za mbio ziliendeshwa na wavuvi wa kukodiwa. Walitoka vijiji vya Essex kama Tollesbury, Wivenhoe na Brightlingsea, wakavua samaki majira ya baridi, na majira ya joto wakavaa sweta zenye jina la mashua ya tajiri, wakamshindia vikombe. Sir Thomas Lipton, yule wa majani ya chai, aliwania Kombe la Marekani mara tano kati ya 1899 na 1930 kwa mashua zake tano zilizoitwa Shamrock. Hakulitwaa, lakini dunia nzima inamkumbuka kwa kulikosa. Mabaharia wa Essex waliovuka naye Atlantiki wanakumbukwa na vijiji vyao.

Wapo Waingereza walioliona hilo likawakera, ingawa kwa sababu nyingine. Mwaka 1872, huko Erith kando ya mto Thames, ilianzishwa klabu iliyokuja kuitwa Royal Corinthian Yacht Club, kusudi lake likiwa kuhimiza wenye mashua waziendeshe wao wenyewe na marafiki zao, bila mabaharia wa kulipwa. Hapo ndipo wazo la mbio za ridhaa lilipopata nguvu: usishindiwe, shinda mwenyewe. Ni wazo zuri. Lilipovuka bahari likafika makoloni, lilibadilika sura. Mwenye mashua alishika usukani mwenyewe, naam, na kwa hesabu ya klabu yeye na rafiki zake ndio walioshindana. Lakini chombo kilisuguliwa na nani, kikapakwa rangi na nani, kikavutwa kutoka majini na nani kabla ya dhoruba? Nani aliyeingia ndani siku rafiki mmoja alipokosekana, akajua la kufanya bila kuambiwa? Mtu mzima mwenye watoto, aliyezaliwa kando ya maji yale, aliitwa boi.

Ubaguzi wa rangi uliufunga mlango zaidi. Kote Kenya ya kikoloni vilabu vya starehe vilikuwa vya rangi: Wazungu na vyao, Wahindi na vyao, Mwafrika akiingia kwa mlango wa jikoni. Vilabu vya bahari havikuwa kisiwa. Anayeadhimisha taasisi hii leo hana budi kulisema hilo, kwa sababu bila kulisema hatuelewi kwa nini kumbukumbu zake zina upande mmoja. Mtu asiyeweza kuwa mwanachama hawezi kuandikwa kwenye orodha ya wanachama walioshinda.

Hata hivyo, mbio za klabu zilizaa mabaharia wa kweli, na haki ni haki. Mwaka 1960, Kenya ikiwa ingali koloni, timu yake ya Olimpiki ya Roma ilikuwa na mashua. Anthony Bentley-Buckle na Ronald Blaker waliiwakilisha Kenya katika daraja la Flying Dutchman, na mbio zenyewe zilifanyika Naples. Flying Dutchman ni mashua ya watu wawili, yenye urefu wa mita sita hivi, nayo iliingia Olimpiki mwaka huohuo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ni miaka minne kabla Wilson Kiprugut hajailetea Kenya medali yake ya kwanza kule Tokyo. Wakenya wengi wanamjua Kiprugut, na ni vizuri. Wachache sana wanajua kwamba tanga la Kenya lilikwisha kufunguka kwenye Olimpiki.

Bentley-Buckle mwenyewe alikuwa mtu wa visa. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyetekwa na Wajerumani wakati wa vita vya pili. Katika kambi ya mateka, wafungwa walitengeneza sanamu ya mtu wakaiita Albert, wakaisimamisha katikati ya mstari wakati wa kuhesabiwa ili kuficha pengo la mwenzao aliyetoroka. Yeye ndiye aliyeitengenezea macho ya kupepesa. Baada ya vita akaja pwani ya Afrika Mashariki, akaanzisha kampuni ya meli. Na jambo linalonivutia katika mashua aliyoiendesha Naples ni kamba ya mlingotini. Katika Flying Dutchman mtu wa pili huning'inia nje kabisa ya chombo, amejifunga kwenye waya, miguu ikikanyaga ukingo, mgongo ukikaribia kugusa maji, ili uzito wake uzuie mashua isilale.

Mwonyeshe mzee wa Lamu picha hiyo, hatashangaa. Katika mashindano ya mashua ya Lamu, ambayo hufanyika wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni, ubao mrefu husukumwa nje upande wa goshini, na mabaharia huutambaa mmoja baada ya mwingine mpaka ncha, wakikaa juu ya maji matupu. Upepo ukilegea wanarudi ndani. Ukizidi wanatoka tena. Farumi ya mchanga huhamishwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Na kugeuza chombo chenye tanga la pembetatu si kazi ya mtu mmoja anayesukuma mkono wa usukani: foromali, ule mti unaobeba tanga, imening'inia mbele ya mlingoti, kwa hiyo chombo hugeuzwa kwa kuupa upepo tezi, foromali ikasimamishwa wima, na tanga lote likazungushwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, watu wakikimbia na kamba ya demani bila kuigusisha maji. Akichelewa mmoja, tanga linajipiga mlingotini na mbio zimekwisha. Huko Lamu ukiuliza nani alishinda, utatajiwa mashua, nahodha, mtaa, na watu waliokuwa juu ya ubao. Ushindi ni wa chombo kizima.

Hizi ni taasisi mbili za mbio katika pwani moja. Moja ina katiba, ada, kamati na vikombe vya fedha. Nyingine ina mitaa, mafundi wa Matondoni na kumbukumbu za wazee. Kwa muda mrefu zilipita kando kando kama vyombo vya usiku visivyo na taa, ingawa mabaharia walewale walifanya kazi katika zote mbili. Mimi naamini Kilifi ndipo zilipoweza kukutana, kwa sababu hapa hakuna bandari kubwa ya kuzitenganisha. Ngalawa ya mvuvi wa Mnarani na mashua ya mbio hutumia mlango mmoja, hupwelewa kwenye fungu moja la mchanga, na wakati wa dhoruba hukimbilia kinga moja.

Klabu nayo ina jambo la kutufundisha, na nisipolitaja nitakuwa nimeidhulumu. Ni sheria ya mbio. Mbio za matanga za klabu hazina refa anayekimbia na filimbi. Bendera hupandishwa dakika tano kabla ya kuanza, nyingine dakika nne kabla, moja hushushwa ikibaki dakika moja, na muda huhesabiwa kwa bendera wala si kwa sauti ya mzinga, maana sauti husafiri polepole na upepo huipotosha. Baada ya hapo mashua zote zinazunguka nyuma ya mstari usioonekana, kati ya boya na chombo cha kamati, kila moja ikitaka kuuvuka sekunde ileile, na hakuna iliyo na breki. Anayepokea upepo kutoka mkono wa kulia ana haki ya njia. Mwenzake lazima ampishe. Akimgusa, hujiadhibu mwenyewe: anaizungusha mashua yake mara mbili kamili papo hapo, huku wenzake wakimwacha. Anayeona amedhulumiwa hupaza sauti pale pale, mashua kubwa hupandisha bendera nyekundu, na jioni kesi husikilizwa mezani, kila mmoja akieleza maji yalivyokuwa na upepo ulivyokuwa. Kijana aliyelelewa katika desturi hiyo amejifunza kujihukumu mahali ambapo hakuna anayemtazama. Sijui shule ngapi nchini zinafundisha hilo vizuri kuliko mashua.

Baada ya uhuru wa Desemba 1963, wazungu wengi waliondoka, uanachama ukafunguka kisheria, na vilabu vya pwani vikabaki na mashua nyingi kuliko mabaharia. Mashua zenyewe zikabadilika. Zile za mbao nyembamba za kubandika, zilizokuwa zikioza kwa joto na mvua na kumpa fundi kazi mwaka mzima, zilianza kupisha faiba. Kisha ikaja Laser, mashua ya mtu mmoja na tanga moja, iliyochorwa na Bruce Kirby wa Kanada na kuanza kuuzwa mwaka 1971. Mlingoti wake ni vipande viwili vinavyochomekwa, na gari dogo huibeba juu ya paa. Ilienea dunia nzima, ikaingia Olimpiki mwaka 1996, na imefika pwani yetu pia.

Laser imefanya wema na imefanya hasara. Wema wake ni kwamba kijana hahitaji baba mwenye mashua kubwa. Akipewa chombo kimoja na maboya mawili anajifunza upepo ndani ya wiki chache. Hasara yake ni kwamba mtu yuko peke yake. Katika mashua ya watu wanne au watano, mwenye usukani haoni tanga la mbele vizuri, mtu wa mbele haoni mshindani wa nyuma, na mtu wa katikati ndiye anayesikia kwa miguu yake kwamba chombo kimeanza kulegea. Wanasemezana. Mgeni na mwenyeji, tajiri na mvuvi, wakikaa ndani ya futi ishirini kwa saa mbili na wote wanataka boya lilelile, mazungumzo yao hubadilika. Mbio za timu ndizo zilizowahi kuwapa watu wa pwani hii sababu ya kusikilizana, hata wakati ambapo nchi kavu haikuwaruhusu kukaa meza moja. Klabu yoyote inayotaka kudumu karne nyingine isiziache mashua za timu zife kwa sababu mashua ya mtu mmoja ni rahisi kuitunza.

Mwaka 1991 likafunguliwa daraja la Kilifi, lililojengwa kwa msaada wa Japani, na feri iliyokuwa ikivuka kati ya Mnarani na mjini ikastaafu. Kwa wenye magari lilikuwa jambo la barabara. Kwa watu wa mashua lilikuwa jambo la hori: njia ya feri haikukata tena maji katikati, ila sasa kila nahodha anayepanda ndani lazima ajue urefu wa mlingoti wake na saa ya maji, na nguzo za daraja zimeleta mizunguko yao ya mkondo na vipande vyao vya utulivu. Watu wakapata pia mahali pa kusimama na kutazama. Hata asiyewahi kukanyaga klabu sasa huona tanga likibisha chini ya miguu yake, na watoto wa shule wanaopita pale hupiga kelele wakichagua ya kwao.

Mapema mwaka 2019 kilipita katika maji haya chombo ambacho kwangu kinajibu mengi ya haya. Flipflopi, mashua iliyojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, ikafunikwa kwa ndara za rangi rangi, ilishuka kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Haikuwa ya mbio. Lakini tazama jinsi habari zake zilivyoandikwa: fundi alitajwa jina, na mabaharia wake walitajwa. Chombo cha mafundi wa Lamu kilipokelewa na dunia na wenyewe wakiwa mbele, kwa majina yao. Kama hilo limewezekana kwa mashua ya taka, linawezekana kwa mashua ya kikombe.

Basi jibu langu ni hili. Mbio ni za mabaharia. Mwenye mashua ana haki ya kikombe kwa sababu alinunua matanga na kulipa ada, na mwenye usukani ana haki ya sifa kwa sababu uamuzi ulikuwa wake. Lakini taasisi yenyewe, kile kinachobaki mashua zikioza na wanachama wakihama, ni ujuzi wa maji, na ujuzi huo katika pwani hii ulibebwa na watu wa Mnarani, Takaungu, Mtwapa, Likoni na Lamu. Klabu zenye mbao za washindi zinaweza kulirekebisha hili kwa gharama ya rangi na brashi: kuanzia msimu ujao liandikwe jina la kila aliyekuwa ndani ya chombo, mlipwaji na mwanachama, kwa herufi za ukubwa mmoja. Na kwa miaka iliyopita, wanaojua wangali hai, lakini si wote na si kwa muda mrefu.

Kwa hiyo nawaomba watu wa Mnarani na hori yote ya Kilifi: kama baba, babu au mjomba wako aliwahi kushindana katika mashua ya klabu, kaa naye wiki hii na daftari. Andika mwaka au msimu, jina la mashua, alikaa sehemu gani ya chombo, na wenzake walikuwa nani. Peleka nakala moja kwa klabu aliyoishindania, na nyingine iache kwa Makumbusho ya Taifa, pale pale kwenye magofu ya Mnarani.